Bibi Arusi Asiyegeuka Nyuma

Sisi tukaao chini ya mlima Meru twaona arusi nyingi, lakini maana ya desturi za wazee yaanza kusahauliwa. Leo twapenda kueleza moja ya Waarusha, ambao walitoka Arusha Chini yapata mwaka 1830, wakalima mteremko wa kusini-magharibi wa mlima, wakishika lugha na mila za Kimaasai.

Siku ya arusi binti alinyolewa kichwa, akapakwa mafuta, akavikwa ngozi na shanga. Wazee wakambariki kwa maziwa na pombe ya asali. Kisha akatoka kwao, naye alikatazwa asigeuke kutazama nyuma, asije akawa jiwe. Msomaji atamkumbuka mke wa Lutu. Lakini hapa neno hili halikuwa hukumu. Lilimsaidia binti aliaye kuinua mguu, maana kama angaliuona uso wa mamaye, huenda angalirudi.

Basi alikwenda polepole mno. Alipofika penye boma la mumewe alisimama. Akaombwa aingie, asiingie. Akaahidiwa mwana-kondoo, asijongee. Akaahidiwa mtamba, ndipo akaingia. Ng'ombe kwa lugha yao ni *enkiteng*. Kwa hiyo aliyempa mwenziwe ng'ombe, na huyo aliyepewa, waliitana "pakiteng" maisha yao yote. Baadaye vijana waliimba kwa sauti za kooni pasipo ngoma yoyote, wakiruka juu, na wanawake wakatikisa mabega hata shanga zikalia.

Tusidhani ahadi ile ilikuwa mchezo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi. Tena, wamisionari Ovir na Segebrock walipouawa kule Akeri mwezi wa Oktoba 1896, jeshi la Wajerumani pamoja na Wachaga liliteka mifugo mingi ya Waarusha na Wameru. Katika siku kama zile, kutoa mtamba kulikuwa kutoa sehemu ya uzima. Na wanyama wale walihesabiwa kuwa wa nyumba ya mke, wanawe wakawarithi.

Hatusemi ya kale yote yalikuwa mema. Mara nyingi binti hakuulizwa kama ampenda mtu yule. Misheni zilipojengwa, Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, wazee wetu walianza kusikia kwamba yafaa aulizwe, nasi twashukuru. Lakini tulipoiacha ngozi na mafuta, wengi wetu tuliiacha na ahadi ya mlangoni. Siku hizi mjini Arusha bibi arusi hupewa vyombo na vitambaa vizuri. Lakini ni wangapi wampao kitu kitakachozaa?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Ni sheria njema. Ila sheria huilinda mali iliyopo, haimletei mtu mtamba. Hilo ni kazi yetu, sisi tumpokeao mlangoni.