Kriketi katika Olimpiki ya Paris 1900

Kriketi katika Olimpiki ya Paris 1900 ilikuwa mechi moja tu, iliyochezwa tarehe 19 na 20 Agosti 1900 katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Vincennes, Paris, Ufaransa. Klabu ya wachezaji wa ridhaa kutoka Uingereza, Devon and Somerset Wanderers, iliyokuwa ziarani, iliifunga timu ya wenyeji kwa tofauti ya mikimbio 158. Hadi leo ndiyo mechi pekee ya kriketi katika historia ya Michezo ya Olimpiki. Hata hivyo wachezaji walioicheza hawakujua kwamba wanashiriki Olimpiki: kwao ilikuwa mechi ya kirafiki kati ya wageni na wenyeji.

## Mazingira

Olimpiki ya mwaka 1900 ilikuwa ya pili baada ya ile ya Athens ya 1896. Kule Athens pia kriketi ilipangwa, lakini ikafutwa kwa sababu timu hazikujitokeza.

Michezo ya Paris iliunganishwa na Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika mjini humo mwaka huohuo. Haikuwa na sherehe ya ufunguzi wala ya kufunga, na mashindano yalienea kwa muda wa miezi mitano, kuanzia Mei hadi Oktoba. Mara nyingi neno "Olimpiki" halikutumika kabisa. Mashindano yalitangazwa kama sehemu ya Maonyesho. Ndiyo maana washiriki wengi wa michezo mbalimbali walirudi kwao bila kujua kuwa wamekuwa wanaolimpiki.

Kwa upande wa kriketi zilitarajiwa timu nne: Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Ubelgiji na Uholanzi zikajitoa. Zilipobaki timu mbili, mechi yao ya kwanza ikawa ndiyo fainali.

## Timu

### Wageni

Devon and Somerset Wanderers haikuwa timu ya taifa wala haikuteuliwa na chombo chochote cha taifa. Ilikuwa klabu ya ziara, yaani kundi la marafiki waliokusanyika wakati wa likizo ili kusafiri na kucheza. Iliundwa na William Donne wa Castle Cary, mji mdogo katika wilaya ya Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wachezaji wengine walitoka katika klabu ya mji huo, na wengine walikuwa wanafunzi wa zamani wa shule ya Blundell's iliyopo Tiverton, Devon.

Katika wachezaji wote ni wawili tu waliowahi kucheza kriketi ya daraja la kwanza: Montagu Toller, aliyeichezea Somerset mechi sita mwaka 1897, na Alfred Bowerman, aliyeichezea timu hiyohiyo mechi mbili.

Kikosi kilikuwa: Charles Beachcroft (nahodha), Arthur Birkett, Alfred Bowerman, George Buckley, Francis Burchell, Frederick Christian, Harry Corner, Frederick Cuming, William Donne, Alfred Powlesland, John Symes na Montagu Toller.

### Wenyeji

Timu ya Ufaransa iliingia kwa jina la shirikisho la vyama vya riadha la Ufaransa. Wachezaji wake walitoka katika klabu za Paris, hasa Standard Athletic Club na Albion. Klabu hizo zilikuwa za Waingereza walioishi na kufanya kazi mjini humo, kwa hiyo sehemu kubwa ya "Wafaransa" uwanjani walikuwa Waingereza.

Kikosi kilikuwa: Philip Tomalin (nahodha), William Anderson, William Attrill, John Braid, W. Browning, Robert Horne, Timothée Jordan, Arthur MacEvoy, Douglas Robinson, H. F. Roques, Alfred Schneidau na Henry Terry.

Kwa kawaida timu ya kriketi ina wachezaji 11. Hapa manahodha walikubaliana kuchezesha 12 kila upande. Makubaliano ya namna hiyo ni ya kawaida katika mechi za kirafiki, ambapo hakuna anayetaka rafiki aliyesafiri mbali akae nje akitazama.

## Mchezo ulivyokwenda

Msomaji asiyeifahamu kriketi anahitaji kujua mambo matatu. Kwanza, timu moja hupiga mpira kwa gongo na kukusanya mikimbio, huku nyingine ikirusha mpira na kujaribu kuwatoa wapigaji mmojammoja. Pili, katika mechi hii kila timu ilikuwa na zamu mbili za kupiga. Tatu, kushinda hakutegemei mikimbio peke yake: lazima pia wapinzani wamalizwe katika zamu yao ya mwisho kabla ya muda kwisha. Wasipomalizwa na wasipofikia lengo, mechi huhesabiwa sare, hata kama wako nyuma kwa mikimbio mingi.

Wageni walianza kupiga na kupata mikimbio 117. Frederick Cuming aliongoza kwa 38, na William Anderson wa Ufaransa alitoa wapigaji wanne. Wenyeji walipojibu walipata 78 tu. Frederick Christian alitoa saba kati yao.

Katika zamu ya pili wageni walifikisha 145 huku watano tu wakiwa wametolewa. Bowerman alipata 59 na nahodha Beachcroft 54. Wangeweza kuendelea kupiga, lakini saa zilikuwa zinakwenda. Beachcroft akaamua kufunga zamu ya timu yake ili abakiwe na muda wa kuwatoa wapinzani. Ufaransa ilihitaji mikimbio 185 ili kushinda, au kuvumilia hadi jioni ili kupata sare.

Haikuweza lolote kati ya hayo. Toller alitoa wapigaji saba kwa kuruhusu mikimbio tisa pekee, na timu nzima ikaishia 26. Mpigaji wa mwisho alitolewa zikiwa zimebaki kama dakika tano tu mchezo umalizike. Kwa hiyo, ingawa tofauti ya mikimbio inaonekana kubwa, dakika chache zaidi za uvumilivu zingeifanya mechi hii kuwa sare, na Olimpiki isingekuwa na bingwa wa kriketi.

### Muhtasari wa matokeo

* Uingereza, zamu ya kwanza: 117
* Ufaransa, zamu ya kwanza: 78
* Uingereza, zamu ya pili: 145 (watano wametolewa, zamu ikafungwa)
* Ufaransa, zamu ya pili: 26
* Uingereza ilishinda kwa mikimbio 158

## Medali na hadhi ya mechi

Washindi walipewa medali za fedha na wenyeji medali za shaba, pamoja na sanamu ndogo za Mnara wa Eiffel. Mwaka 1912 mechi hiyo ilitambuliwa rasmi kuwa ya Olimpiki, na katika kumbukumbu Uingereza ikahesabiwa kuwa na dhahabu na Ufaransa fedha.

Kutambuliwa huko kuliwezekana kwa kuwa matokeo yalikuwa yameandikwa. John Symes, mmoja wa wachezaji wa Uingereza, aliandika kwa mkono karatasi ya mikimbio ya mechi hiyo. Bila maandishi ya aina hiyo, mechi ya siku mbili mbele ya watazamaji wachache ingesahaulika kama mechi nyingine nyingi za ziara.

Mtu anaweza kuuliza kama ni haki klabu ya marafiki kuhesabiwa kuwa timu ya taifa. Mwaka 1900 jambo hilo halikuwa la ajabu. Chama cha Olimpiki cha Uingereza kiliundwa mwaka 1905 tu, hivyo hapakuwa na chombo cha kuchagua timu ya nchi. Katika uwanja huohuo wa Vincennes, Uingereza iliwakilishwa katika soka na klabu ya ridhaa ya Upton Park, na katika raga na Moseley Wanderers.

## Kurudi kwa kriketi

Kriketi ilipangwa tena katika Olimpiki ya St. Louis ya 1904, lakini ikafutwa. Mwezi Oktoba 2023, katika kikao chake mjini Mumbai, Uhindi, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuirudisha katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028, miaka 128 baada ya mechi ya Paris. Utachezwa mtindo mfupi wa ova 20 kwa kila timu, wenye timu sita za wanaume na sita za wanawake.

Swali la nani anawakilisha nchi gani limerudi pamoja nao. England na Scotland hucheza kriketi kama timu mbili tofauti, ilhali katika Olimpiki ziko chini ya timu moja ya Uingereza. Timu ya West Indies nayo hukusanya wachezaji wa nchi nyingi za Karibi, ambazo katika Olimpiki kila moja hushiriki kwa bendera yake.

## Tazama pia

* Kriketi
* Michezo ya Olimpiki ya 1900
* Maonyesho ya Dunia
* Michezo ya Olimpiki ya 2028