Profesa Aliyenyamaza

Shuleni nilikariri fomula: joto ni masi mara uwezo wa joto mara badiliko la halijoto. Nikafaulu mtihani, nikasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya ile herufi ya katikati kulikuwa na ubishi wa miaka karibu 30, na mtu mmoja aliyeumaliza kisha akanyamaza.

Hebu tuanze jikoni. Weka sufuria tupu motoni. Muda si muda ukiigusa utaruka. Sasa itie maji lita mbili, moto uwe uleule. Utangoja weee! Kila mpishi anajua. Lakini kujua jambo ni kimoja na kulieleza ni kingine, na wasomi wa Ulaya walihangaika sana kulieleza hili.

Fahrenheit, yule fundi wa vipimajoto aliyeishi Uholanzi, alichanganya maji na zebaki, kimoja cha moto na kingine cha baridi, kwa ajili ya Herman Boerhaave, profesa wa Leiden. Mwaka 1732 Boerhaave akayaeleza majaribio hayo kitabuni. Yeye alishikilia kwamba joto hugawanyika kwa kufuata ujazo: vitu viwili vya ujazo sawa hugawana nusu kwa nusu. Wengine wakabisha. Hapana bwana, joto hufuata uzito. Kilicho kizito ndicho kinachobeba joto zaidi.

Basi zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi. Kwa hoja ya uzito, ilipaswa ichelewe mno kupata moto. Lakini daktari mmoja Mskoti, George Martine, katika kitabu chake cha 1740, alieleza jinsi alivyoweka maji na zebaki vya ujazo sawa mbele ya moto. Kumbe zebaki ndiyo iliyotangulia, tena kwa mbali! Namba zilikuwa mezani zote. Aliyekosekana ni wa kuzisoma.

Msomaji huyo akawa Joseph Black. Alizaliwa 1728 mjini Bordeaux, Ufaransa, ambako baba yake aliuza mvinyo. Kufikia 1760 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Ninachompendea ni kwamba hapa hakuanza na mtambo mpya. Alianza kwa kuzisoma upya kazi za wenzake.

Mfano aliowapa wanafunzi wake ulikuwa huu. Chukua maji yenye digrii 100 za Fahrenheit, uyachanganye na zebaki ya ujazo uleule yenye digrii 150. Kama joto linafuata ujazo, mchanganyiko utasimama kwenye 125. Kama linafuata uzito, utafika karibu 146. Kipimajoto kinasema 120! Yaani zebaki imepoteza digrii 30, maji yamepata 20 tu. Na joto lililotoka kwenye zebaki ndilo hilohilo lililoingia kwenye maji. Halikwenda kwa jirani. Joto moja limeshusha 30 huku, likapandisha 20 kule.

Hapo Black akaona kosa la wote. Walikuwa wakichanganya mambo mawili: kiasi cha joto na halijoto. Kipimajoto kinakuonyesha halijoto peke yake. Hakikwambii ni joto kiasi gani limemezwa mpaka kufika hapo. Kila kitu kina uwezo wake wa kumeza joto, na uwezo huo huujui kwa kukitazama wala kwa kukipima kwenye mizani. Lazima ukijaribu chenyewe. Vipimo vya leo vinaonyesha tofauti kubwa kuliko ile ya mfano wake: kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 hivi ili ipande digrii moja ya sentigredi, kilo ya zebaki, jouli 140 tu. Mara 30!

Sasa ndugu msomaji, sikia kilichofuata. Black hakuchapisha. Alifundisha darasani, wanafunzi wakanakili, madaftari yakapita mkono kwa mkono. Mwaka 1779 Adair Crawford akatoa kitabu chake kuhusu joto la wanyama, chenye vipimo vya uwezo wa joto. Mwaka 1781 Johan Carl Wilcke wa Sweden, aliyeifikia hoja hiyo kivyake, akachapa ya kwake. Mwaka 1783 Lavoisier na Laplace wakatangaza vipimo vyao vya Paris, walivyovipata kwa kuangalia barafu iliyoyeyuka.

Black alifariki Edinburgh mwaka 1799. Masomo yake yalitoka kitabuni 1803, yakiwa yamehaririwa na rafiki yake John Robison. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita tangu lile wazo limjie.

Niliposoma habari hiyo nilifikiria sisi wenyewe tunaokaa barazani tukisimuliana hadithi tutakazoziandika "kesho". Tunapendana kwa maneno, tunapigiana makofi, kisha kila mtu anakwenda kulala. Ndani ya vichwa vyetu joto limejaa, lakini karatasi haijapanda hata digrii moja.

Bahati ya Black ni kwamba alikuwa na wanafunzi wenye madaftari. Mimi sina. Kwa hiyo jana usiku nimenunua daftari, na haya uliyoyasoma ndiyo kurasa zake za kwanza.