Siku 84 za Mama, Siku 3 za Baba

Katika kliniki nyingi za wajawazito nchini Tanzania upo utaratibu unaojulikana na kila mhudhuriaji: mjamzito aliyefuatana na mwenzi wake huhudumiwa kwanza. Aliyefika alfajiri peke yake, na tumbo la miezi 8, atawapisha waliofika saa nne wakiwa wawili. Nia ni njema. Wizara ya Afya inataka wenza wapime VVU pamoja, na baba azisikie dalili za hatari kwa masikio yake. Lakini watafiti wamekuta pia vituo ambako asiye na mwenzi wa kumleta huagizwa alete barua kutoka kwa uongozi wa mtaa au kijiji. Asiyeonekana ni mwanamume. Anayetakiwa kujieleza ni mwanamke.

Utaratibu huo unaonyesha mizani mbili. Mama hupimwa kwa alichoacha kufanya, baba kwa chochote alichojitolea kufanya. Mama akienda sokoni na mtoto mgongoni, hakuna anayegeuka. Baba akifanya hivyo atasifiwa mtaa mzima, kama hajaambiwa kwamba amelishwa limbwata.

Wengi huzitupia mila lawama zote. Mila zina sehemu yake, ingawa arobaini ya uzazi, kwa haki yake, ilimpa mzazi mapumziko, mtori na mikono ya shangazi na bibi. Nafasi ya baba tu ndiyo haikuwemo. La kushangaza ni kwamba sheria zilizotungwa na wasomi ziliikuta nafasi hiyo wazi na kuiacha vivyo hivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa zisizopungua 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mke aliyejifungua kwa upasuaji huenda siku ya tatu bado yuko wodini, wakati mumewe anatakiwa kurudi kazini. Mwajiri naye anajua kupiga hesabu: akiwa na waombaji wawili wenye sifa sawa, mmoja atamkosa kwa miezi karibu mitatu, mwingine kwa siku chache tu.

Baba naye amebanwa, ila kwa upande mwingine. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtwika yeye wajibu wa kuwatunza watoto kwa malazi, chakula, mavazi na elimu. Zamu ya mama inakuja baba akiwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Ubaba umefanywa mfuko. Fedha zikikatika, mwanamume hujiona hana tena la kumpa mtoto, na wapo wanaokimbia nyumba kwa aibu hiyo.

Watakaosema kwamba anayejifungua na kunyonyesha ni mama watakuwa wamesema kweli, na siku zake 84 hazistahili kupunguzwa hata moja. Ila maumbile hayaelezi kwa nini ni mama anayepigiwa simu mtoto akipata homa shuleni.

Kenya ilikwenda mbele kidogo. Sheria yake ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki 2, na Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa wazazi wote wawili wajibu ulio sawa, wameoana au hawajaoana. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulikuta wanawake wakitumia takriban mara 5 ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na ujira. Sheria peke yake haimwingizi mtu jikoni. Inachoweza ni kumwondolea baba kisingizio, na mwajiri sababu ya kuchagua.

Bunge la Tanzania lianze na hizo siku 3. Ile barua ya mtaa haihitaji hata muswada: mganga mfawidhi yeyote anaweza kuacha kuidai kuanzia Jumatatu.