Nafasi ya Kumi, Nafasi ya Pili

Kazi ya kupanga watu kwa nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nimeifanya kwa miaka 34, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa na baadaye nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kwa hiyo msomaji asishangae nikisema kwamba katika uzee wangu navutiwa na orodha ambazo mashabiki wa bendi moja ya Kimarekani wamekuwa wakizipanga kwa muda wa nusu karne. Bendi yenyewe ni Beach Boys, yaani vijana wa ufukweni. Kati ya mwaka 1962 na 2012 walitoa albamu za studio zinazokaribia 30, na shabiki wao wa kweli hatulii mpaka azipange zote, ya kwanza hadi ya mwisho, na aeleze kwa nini ya tatu si ya nne. Wengi watasema huo ni upuuzi wa watu waliokosa kazi. Mimi naona kwamba ndani ya orodha hizo mna historia, na mna swali ambalo sisi walimu tumelikwepa kwa muda mrefu.

Muziki wao ulianza kwa jambo dogo. Vijana wa pwani ya California walikuwa na mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi hadi ufukweni, mchezo uliofika kwao kutoka visiwa vya Hawaii. Mwanzoni mwa miaka ya sitini mchezo huo ukapata muziki wake wa gitaa la umeme, wa kasi na wenye mwangwi mwingi kama maji yanayopiga mwamba. Bingwa wake alikuwa Dick Dale, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Lebanoni. Kipande chake cha mwaka 1962, Misirlou, ni lahani ya zamani ya nchi za mashariki ya Bahari ya Kati, na msikilizaji wa taarabu akiisikia atatikisa kichwa kabla hajajiuliza kama ni udi au ni gitaa. Nalitaja hili kwa sababu Beach Boys nao waliupiga Misirlou katika albamu yao ya pili, Surfin' U.S.A. ya mwaka 1963. Mashabiki wengi huiteremsha albamu hiyo kuelekea mkiani, wakisema imejaa vipande vya gitaa vya kujazia tu. Wazee wa Tanga na Mombasa pengine wangeisahihisha kwa kalamu nyingine.

Bendi ilianzishwa mwaka 1961 katika mji wa Hawthorne, karibu na Los Angeles, na ndugu watatu wa familia ya Wilson, yaani Brian, Dennis na Carl, pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Kati yao wote ni Dennis peke yake aliyeujua vizuri mchezo wa mawimbi. Brian, mkubwa wa ndugu hao watatu na mtunzi wa bendi, hakuwa mtu wa bahari, na sikio lake la kulia lilikuwa karibu kiziwi. Alichokijua ni sauti. Alizipanga sauti za ndugu zake kama mwalimu wa kwaya anavyopanga soprano, alto, tena na besi, kila moja na njia yake, na zote zikutane mahali asipopategemea msikilizaji.

Mwaka 1963 kampuni ya Capitol ilitoa albamu zao tatu. Ya pili na ya tatu, Surfer Girl na Little Deuce Coupe, zilipishana kwa wiki tatu tu, na ndani ya Little Deuce Coupe mna nyimbo nne zilizokwisha kutoka katika albamu za nyuma. Brian alikuwa na umri wa miaka 21, na meneja wake alikuwa baba yake mzazi, Murry, mtu mkali. Sasa shabiki wa leo anaiweka Little Deuce Coupe nafasi ya 20 na kitu, akisema kijana huyu alifanya kazi kwa haraka. Ni kweli, ilifanywa kwa haraka. Lakini mtahini hupewa karatasi ya majibu tu. Hapewi habari kwamba mtahiniwa alilazimishwa kufanya mitihani mitatu katika mwaka mmoja.

Mimi nilizisikia nyimbo hizi nikiwa kidato cha kwanza mwaka 1966. Tulikuwa na mwalimu kijana wa Kimarekani, mmoja wa wale wa Peace Corps waliokuja kufundisha nchini mwetu, na alikuwa na gramafoni ya betri na santuri zisizozidi kumi. Jumamosi jioni alituruhusu kukaa barazani kwake. Sisi tulikuwa na mizani yetu, tena mizani isiyo na huruma: je, unachezeka? Kilwa Jazz na Morogoro Jazz walichezeka, bendi za Kongo zilichezeka zaidi, na nyimbo za mwanzo za Beach Boys tulizipitisha kwa sababu zilikaribiana na twisti. Bahari ilikuwa mbali nasi, wengine wetu tulikuwa hatujaiona, na hilo halikutuzuia.

Mwaka uliofuata mwalimu alipokea kwa posta albamu yenye picha ya vijana wakiwalisha mbuzi. Hiyo ndiyo Pet Sounds. Aliiweka, akakaa kimya, nasi tukangoja mahali pa kuchezea, tusipaone. Kulikuwa na kengele ya baiskeli, kulikuwa na vinanda ambavyo hatukuvijua, na mwishoni kabisa, baada ya wimbo wa mwisho, treni ilipita na mbwa wakabweka. Mwenzetu mmoja alisema kwamba hawa jamaa sasa wamefilisika nyimbo, wameanza kurekodi mbwa. Tuliipa nafasi ya mwisho kwa kauli moja.

Nimesimulia hayo ili ionekane kwamba sisi wa barazani hatukuwa peke yetu. Pet Sounds ilitoka Marekani tarehe 16 Mei 1966. Brian alikuwa ameacha kusafiri na bendi baada ya kuzidiwa na hofu ndani ya ndege mwishoni mwa mwaka 1964. Wenzake wakizunguka kupiga muziki, yeye alijifungia studio na wapigaji wa kukodiwa, miongoni mwao Hal Blaine kwenye ngoma na Carol Kaye kwenye gitaa la besi, na maneno mengi ya nyimbo aliandikiana na Tony Asher, mtu aliyekuwa akitunga matangazo ya biashara. Ile treni ilitolewa katika santuri ya milio, lakini mbwa walikuwa wa Brian mwenyewe. Hizo zilikuwa nyimbo za mtu anayeona ujana unamtoka na hajui anakokwenda. Marekani iliipa nafasi ya 10 katika orodha ya mauzo, ambayo kwa bendi nyingine ingekuwa sherehe, lakini kwa bendi iliyozoea kuwa juu ilikuwa kama daraja la tatu. Hata miezi miwili haikutimia kabla Capitol haijatoa mkusanyiko wa nyimbo zao za zamani, nao ukauzika haraka, na albamu mpya ikasukumwa pembeni.

Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Bruce Johnston, aliyekuwa amejiunga na bendi mwaka 1965, alisafiri na santuri hiyo hadi London mwezi huo huo wa Mei, na John Lennon na Paul McCartney wakaisikiliza katika chumba chake cha hoteli. Huko albamu ilifika nafasi ya 2. Mwishoni mwa mwaka, wasomaji wa gazeti la New Musical Express walipiga kura na kuwapa Beach Boys heshima ya kundi bora la waimbaji duniani, wakawapita Beatles. Kwa hiyo karatasi ni ileile, mwaka ni uleule, mtahini mmoja kasema 10 na mwingine kasema 2. Katika chuo changu, tofauti kubwa namna hiyo ilipotokea, karatasi ilipelekwa kwa msahihishaji wa tatu. Hapa msahihishaji wa tatu alichelewa kwa miaka karibu 30.

Katika miaka hiyo ya kungoja yalitokea mengi ambayo orodha haziyaonyeshi. Albamu iliyokusudiwa kufuata, Smile, iliachwa mwaka 1967 ikiwa vipande vipande, na Brian akaanza kudhoofika kwa maradhi ya akili na dawa za kulevya. Ndugu zake walijitahidi kushika usukani. Sunflower ya mwaka 1970, ambayo leo mashabiki wengi huipandisha kwenye tano bora, iliishia nafasi ya 151 Marekani. Mwaka 1972 waliingia bendini vijana wawili kutoka Durban, Blondie Chaplin na Ricky Fataar, waliokuwa wakipiga katika kundi lililoitwa The Flames. Carl Wilson alikuwa amewasikia London. Kwao Afrika Kusini sheria za makaburu ziliwahesabu kuwa si Wazungu, na kundi kama Beach Boys lilivyokuwa lisingeruhusiwa kukaa nao meza moja. Sauti ya Chaplin ndiyo inayofungua albamu ya Holland ya mwaka 1973. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuiondoa katika kundi la albamu za katikati, ingawa najua shabiki wa muziki atasema nachanganya somo la historia na somo la muziki.

Pigo kubwa, nathubutu kusema, lilitoka kwa wapenzi wao wenyewe. Mwaka 1974 Capitol ilikusanya tena nyimbo za kale, za kabla ya Pet Sounds, ikaziita Endless Summer. Ilipanda hadi nafasi ya 1 Marekani. Umma ulikuwa umepanga orodha yake kwa fedha taslimu: tunataka mawimbi, magari na wasichana, basi. Tangu hapo bendi ikawa inakwenda jukwaani kuimba ujana wake, mwaka baada ya mwaka. Dennis, yule aliyeijua bahari, alizama katika bandari ya Marina del Rey tarehe 28 Desemba 1983, akiwa na miaka 39. Hakuiona siku ya kusahihishwa upya.

Siku hiyo ililetwa na mashabiki wachache wakaidi. Waliandikiana barua, wakachapa vijarida vyao, na mmoja wao, David Leaf, akatoa kitabu mwaka 1978 akieleza kwamba nyuma ya vijana wa ufukweni kulikuwa na mtunzi aliyeumizwa. Wasomaji wa vijarida hivyo walikua, baadhi wakawa wahariri. Mwaka 1990 Pet Sounds ikatolewa upya katika diski za kisasa, na watoto wa watu walioipuuza wakainunua. Mwaka 1993 New Musical Express iliipa nafasi ya kwanza kati ya albamu zote za wakati wote, mwaka 1995 gazeti la Mojo likafanya vivyo hivyo, na mwaka 2003 Rolling Stone la Marekani kwenyewe likaiweka ya 2. Carl aliyaona ya mwanzo, kisha akafariki kwa kansa mwezi Februari 1998. Brian aliishi hadi tarehe 11 Juni 2025. Aliwahi hata kuimaliza Smile mwaka 2004, miaka 37 baada ya kuiacha.

Sasa nirudi kwenye swali la walimu. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, likitangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi ya kutaja shule 10 bora na wanafunzi 10 bora. Wastaafu wenzangu tunaokutana nao kwenye kahawa walikasirika. Walisema ushindani umeuawa. Nami niliwaeleza habari ya albamu ya mbuzi, wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba santuri inaweza kungoja. Inakaa kabatini, haizeeki, haisikii ilivyosemwa, na akitokea mtu mwenye masikio baada ya miaka 30 itaanza kuimba palepale ilipoishia. Mtoto wa darasa la saba aliyebandikwa ukutani kuwa wa 61 kati ya 61 hana kabati la kungojea. Anaondoka na namba yake siku hiyohiyo, na hakuna kundi la wakaidi litakalochapa vijarida miaka 20 kumdai haki yake. Mzee mmoja alinijibu kwamba bila namba mzazi hatajua mwanawe yuko wapi. Hoja hiyo ina uzito, na ubishi wetu haujesha.

Mashabiki nao hawajamaliza. Hawajakubaliana hata Smile ihesabiwe vipi: ile ya Brian ya mwaka 2004, ile ya vipande vya asili iliyotolewa mwaka 2011, au isihesabiwe kabisa kwa kuwa bendi haikuimaliza. Love You ya mwaka 1977 wapo wanaoiweka katika tano za juu na wapo wanaoitupa katika tano za chini, na pande zote mbili huzungumzia sauti ileile ya Brian iliyokwaruzika. Kuhusu Summer in Paradise ya mwaka 1992 wanapatana zaidi kuliko jambo lolote jingine: wengi wao huiweka mkiani.

Mimi, kwa kuwa nimeulizwa, naiweka ya kwanza Today! ya mwaka 1965. Upande wake wa kwanza unachezeka, hata wenzangu wa barazani wangeupitisha, na upande wa pili kijana anaanza kuogopa. Pet Sounds naiweka ya pili, Sunflower ya tatu. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu, ambaye ndiye hunitafutia nyimbo hizi kwenye simu yake, ameiweka Holland ya kwanza. Nilipomwuliza sababu alisema mpiga ngoma ametoka Durban, na kwamba babu asome orodha yake vizuri, kwani Little Deuce Coupe yeye kaipa nafasi ya nne.