Chanzo kidogo na gimba lililoshindiliwa

chanzo nm [ki-/vi-] (falaki) kitu cha angani kitoacho mawimbi ya redio yanayopokewa duniani.

Kiingereza hutumia sifa moja kwa dhana mbili zilizo tofauti. Karibu na bapa la galaksi yetu vitu vya aina zote mbili hukutana, hivyo mfasiri asiyezitenganisha hubadili maana ya andiko.

1. Udogo wa mwonekano. Chanzo ni *kidogo* kinapochukua pembe finyu sana angani, hata kikawa kama nukta. Sifa hii haielezi ukubwa halisi: galaksi iliyo mbali nyuma ya Njia Nyeupe huweza kuwa nukta ilhali ina mabilioni ya nyota.

2. Msongamano wa maada. Gimba *lililoshindiliwa* ni lile ambalo maada yake nyingi imebanwa katika nafasi ndogo, mithili ya udongo unaoshindiliwa juu ya paa la tembe huko Ugogo. Nyota ya nyutroni ina kipenyo cha kilomita 20 hivi, lakini maada yake huzidi ya Jua.

Sagittarius A*, iliyogunduliwa mwaka 1974 na Bruce Balick na Robert Brown, inastahili sifa zote mbili: ni nukta ya redio, na ina maada ya Jua mara milioni 4 hivi.

Mifano
– *Usiku wa manane mwezi Juni, kitovu cha galaksi huwa nyuzi 67 hivi juu ya upeo wa macho wa Dodoma.*
– *Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilipima eksirei. Mawimbi ya redio yaliyopokewa mwaka 1971 yalisaidia kubainisha mahali hasa pa Cygnus X-1.*

Matumizi
– *Kidogo* si *hafifu*: chanzo kidogo chaweza kuwa na mawimbi yenye nguvu. Kinapotajwa mara ya kwanza, iandikwe *chanzo kidogo kwa mwonekano*.
– *Bapa la galaksi*, si *uwanda*. Uwanda ni nchi, kama uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Bapa ni istilahi ya jiometri.
– *Uchunguzi kwa mawimbi ya redio*, si *uchunguzi wa redio*, ambao msomaji aweza kudhani unahusu vituo vya utangazaji.
– Mawimbi hayo *hupokewa* na *hupimwa*. *Kusikilizwa* ni tamathali, haifai katika ripoti ya kisayansi.