Kiti Chenye Matege

Mwaka 1634 orodha za vifo za London zilianza kutaja ugonjwa ambao hapo nyuma haukuwemo: rickets, matege ya watoto. Mifupa hulainika, miguu hupinda, mtoto huchelewa kusimama na akisimama anayumba. Daniel Whistler aliuandikia tasnifu huko Leiden mwaka 1645. Francis Glisson akautolea kitabu cha Kilatini mwaka 1650. Chanzo kilikuja kujulikana karne ya 20: upungufu wa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza ngozi ikipigwa na jua. Katika vichochoro vya miji ya Uingereza, chini ya moshi wa makaa ya mawe, jua hilo lilikuwa la kubahatisha.

Kabla karne ya 17 haijaisha, jina la ugonjwa lilikwisha kuzaa rickety. Baadaye neno hilo likawatoka watoto likahamia kwenye ngazi, meza na mikokoteni. Kiti ambacho seremala wetu angesema kinacheza, Waingereza wakakipa maradhi. Kuna ukatili kidogo hapo, lakini aliyeanza alikuwa na jicho: maungio hayashiki, na uzito ukiwekwa miguu inakwenda kando.

Neno jingine la ulegevu, loose, wanalolitumia Waingereza kila siku kwa nati iliyolegea, waliletewa na mabaharia wa Skandinavia waliovamia Uingereza kisha wakalowea. Ramshackle, la nyumba inayongoja upepo tu ianguke, nalo asili yake ni huko huko, katika kitenzi cha kupekua nyumba. Ukiwakumbuka wapekuzi wenyewe, hushangai.

Bahari ilileta msemo mwingine, loose cannon. Mzinga mkubwa wa manowari ya zamani ulikaribia tani 3, nao ulikaa juu ya kigari cha magurudumu manne ili urudi nyuma ukifyatuliwa. Kilichouzuia ni kamba nene zilizofungwa ubavuni mwa meli. Zikikatika bahari ikiwa imechafuka, mzinga huenda na kurudi sitahani ukiponda watu na mbao. Leo huitwa hivyo mwanasiasa asiyetabirika, hata kama hajawahi kupanda meli. Mfaransa Victor Hugo aliieleza hatari ya mzinga uliofunguka katika riwaya yake ya mwaka 1874, Quatrevingt-treize. Humo mpiga mizinga aliyezembea kuufunga mzinga anapambana nao hadi unatulia. Jenerali anaamuru avishwe nishani kwa ushujaa wake, kisha apigwe risasi kwa uzembe wake.