Khatam: muhuri au mwisho?

Hapa Lipingo, mtendaji wa kijiji akikuandikia barua ya utambulisho, husaini kisha hugonga muhuri. Muhuri huo umeithibitisha barua au umeifunga? Vyote viwili, na hapo ndipo penye ubishi wa neno khatam katika Kurani, Sura ya 33, aya ya 40, inayomwita Mtume Muhammad khatam wa manabii.

Tafsiri ya Kiswahili ya Waahmadiyya, iliyotoka Nairobi mwaka 1953, ilishika "muhuri" wa manabii, na wao huuelewa kuwa wa kuthibitisha. Mlango wa unabii ukabaki na upenyo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, katika Qurani Takatifu ya 1969, akaandika "mwisho". Upenyo ukazibwa.

Nami namuunga mkono Sheikh, ingawa neno "mwisho" limeipoteza ile pete ya muhuri iliyomo ndani ya khatam. Mzizi wenyewe tunao siku zote: hitimu, hitima. Tena wasomaji wengi wa zamani walisoma khatim, kwa kasra, yaani mwenye kuhitimisha. Fat'ha ya khatam tunayoisikia misikitini huku ni ya kisomo cha Asim, kilichotufikia kwa njia ya Hafs.